Hatua Moja Mbele

Mpira ulimpita mwoka mikate katikati ya miguu kama mbuzi aliyeona geti liko wazi, naye akavua glavu, akaenda kukaa benchi bila kungoja kuambiwa. Wakabaki wawili: Pokea, na shemeji yake fundi vioo, kaka wa mkewe.

Zoezi lenyewe halikuwa na huruma. Kocha, mama mmoja ambaye mchana alikuwa fundi cherehani, alisimama na gongo lake la besiboli, akapiga mipira ya kuambaa chini, mmoja mmoja, kwa zamu. Unaudaka, unamrushia mlinzi wa kituo cha kwanza, umepona. Ukikosa, benchi. Na kila duru ikiisha mnasogea hatua moja kumkaribia kocha, mpaka mpira unafika kabla hujamaliza kuuogopa. Siku hiyo atakayebaki wa mwisho angepata nafasi moja iliyosalia kwenye timu ya msimu. Kocha alikuwa amesema bila kuzunguka kwamba aliyevuka arobaini akishindwa leo, asije tena kumchosha. Pokea alikuwa na arobaini na mitatu. Shemeji alikuwa na arobaini na mmoja, ingawa kwa wasichana wa duka la rangi alikuwa na thelathini na minne.

Jina la Pokea alilipata kazini. Husimama juu ya jukwaa la mbao, ghorofa ya pili au ya tatu, na chini yuko mwenzake anayerusha matofali. "Pokea!" na tofali linapaa. Miaka kumi na tisa sasa. Tofali hulikamati kwa nguvu, litakuachia vidole vya kuhesabia majuto. Unalifuata kidogo likingali linapanda, unalichukua pale linapochoka, kisha unaliweka kando ya mguu, sambamba na lenzake. Nyumba ngapi za watu zimepita mikononi mwake, hajui. Yake haijapita. Labda ndiyo sababu aliupenda mpira: ulipomjia ulikuwa umemjia yeye, si ukuta wa mtu. Mkewe alikuwa amemwahidi asubuhi kwamba akishindwa, ile glavu ataifanya ya kuwekea vitunguu.

"Shemeji, nenda kapumzike," fundi vioo alimwambia wakisogea. "Mgongo wako unalia kuliko mlango wa choo changu."

"Choo chako kina mlango siku hizi?"

Benchi likacheka. Kocha hakucheka, akaokota mpira mwingine.

Jua la alasiri lilikuwa limelala juu ya uwanja, na vumbi walilolitimua halikushuka tena, likabaki linaelea, rangi ya chai ya maziwa. Duru moja, hatua. Duru nyingine, hatua. Kelele za barabarani zikaenda mbali, kama redio ya jirani mtu akisinzia. Pokea hakusikia tena hata gongo. Aliuona mpira ukitoka, mwekundu kwenye mishono, ukizunguka polepole hivi kwamba angeweza kuihesabu mishono yenyewe. Uligonga kijiwe, ukaruka, ukasimama mbele ya kifua chake ukiwaza pa kwenda. Akaufuata kidogo. Akauchukua, wala haukulia kwenye glavu.

Kisha akainama, akauweka chini kando ya mguu wake wa kulia, sambamba na mstari wa chokaa. Akainuka, akafungua mikono, akangoja mwingine.

Mlinzi wa kituo cha kwanza alikuwa bado amenyoosha glavu yake, kama mtu aliyenyimwa mkono wa salamu. Benchini hakuna aliyecheka, na hapo ndipo Pokea alipozinduka. Alitazama chini. Mpira ulikuwa umetulia mahali pake, umenyooka, kazi safi.

Sasa shemeji alihitaji kudaka mmoja tu, na kurusha. Kocha akapiga. Fundi vioo akaunyaka vizuri, mkono ukapanda hadi sikioni, ukakaa hapo. Pokea akageuzia macho viatu vyake. Hakutaka kuuona ukiondoka. Alipoyainua, shemeji alikuwa amechuchumaa, anauweka mpira wake kando ya ule mwingine, anausogeza kwa ncha ya kidole mpaka ikawa sawasawa, kama anayepachika kioo dirishani.

"Na wewe?" kocha akauliza.

"Nimemwona mkubwa ameweka. Nikadhani sheria imebadilika."

Pokea alimtazama. Kwa shemeji huyu kejeli na huruma zilikula sahani moja tangu siku ya posa, na hakuna aliyewahi kuzitenganisha.

"Usinifanyie hivyo," akamwambia kwa sauti ya chini.

"Nikufanyie nini? Nyamaza, udake."

Kocha akaitazama mipira miwili kwa kupitisha macho juu ya miwani yake, kwa muda mrefu, kama anayekagua pindo la mwanafunzi wake.

"Wote mmekosea," akasema. "Hatua moja mbele."

Wakasogea. Sasa walikuwa karibu kiasi cha kuona uzi wa buluu ulionasa kwenye mkono wa blauzi ya kocha. Hakusema zamu ilikuwa ya nani. Akaurusha mpira juu kidogo mbele ya uso wake, gongo likaanza kuzunguka, nao wawili wakainama kwa pamoja, bega kwa bega, jua likiwa nyuma yao. Na kivuli chao kimoja, chenye mikono minne iliyofunguka, kikafika miguuni pa kocha kabla yao.