Alichokisema Léoncie Jikoni

Zayd alimtuma Orlane kwa Léoncie akajifunze kukaanga ndagala, dagaa wa ziwani. Ndivyo walivyomwambia mama yule, na haikuwa uongo, ila haikuwa yote.

Zayd alikuwa anatengeneza filamu kuhusu msichana wa Kamenge aliyempenda askari wakati wa vita, siku zile jeshi lilipouzunguka mtaa na waasi wakajificha ndani yake. Msichana huyo alikuwepo kweli, na mapenzi yake yalijulikana mtaa mzima. Ndiye Léoncie, sasa mama wa makamo, muuza samaki, na Orlane ndiye aliyechaguliwa kuigiza ujana wake.

"Mtazame anavyotembea," Zayd alimwambia. "Na akiongea, sikiliza vizuri."

Orlane asingemkatalia. Alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu ambaye hakuwahi kuigiza popote isipokuwa kanisani, mpaka alipokutana na Zayd, mtoto wa Waarabu wenye duka la vitambaa mjini. Walipendana kwa kificho. Mama yake Zayd alikuwa ameshasema hataki mkwe asiyeswali.

Léoncie aliishi ua mmoja na Adélaïde, mjane aliyependa kucheka. Walitumia bomba moja na kamba moja ya kuanikia nguo. Adélaïde ndiye aliyezoeana na Orlane kwanza. Alimsimulia habari za mumewe, Audace, bila kuombwa.

"Alikuwa na kidonda kwa kisigino, akakata kiatu kimoja nyuma. Akitembea kinapiga pa, pa. Mi nikisikia tu, naweka chakula." Akacheka. "Askari walimuchukua hapo nyuma, pamoja na vijana waliokuwa wanajificha kwa nyumba moja. Mpaka leo sijui nani aliwaonyesha."

Asubuhi moja Adélaïde alikwenda sokoni, wakabaki wawili jikoni. Orlane akamuuliza Léoncie kama yule askari, Melchior, alikuwa mtu mzuri.

"Kwangu alikuwa muzuri," Léoncie alisema, akigeuza samaki. "Kaka yangu alikuwa amekamatwa, anapigwa kambini. Melchior akaniambia, nipe kitu nipeleke kwa wakubwa, kaka yako atoke. Nikamupa nyumba."

"Nyumba gani, Mama?"

Léoncie alitazama mlango wa Adélaïde. "Ile walimojificha wale vijana. Nilijua Audace anawapelekea chakula. Nilijua, mutoto wangu. Kaka yangu akarudi, Audace hakurudi." Akaepua kikaango. "Usimuambie mutu."

"Simwambii, Mama."

Na kweli alikusudia kunyamaza. Lakini juma lile Zayd alikuwa hali vizuri, halali. Hadithi ilikuwa na shimo katikati na hakujua alizibe vipi. Alimlalia Orlane mapajani, mkono juu ya macho.

"Kwa nini walimwachia kaka yake? Kila mtu ataniuliza. Nikikosa jibu, filamu yote haina maana."

Orlane alimpapasa nywele. Alitaka sana kuwa yeye ndiye anayempa jibu. Akamwambia. Akamwambia na habari ya kiatu, kwa sababu ilikuwa habari nzuri na ingemfurahisha.

Zayd aliinuka akaketi. "Nitabadilisha majina," alisema.

Walipiga picha za filamu Kinama, mtaa wa jirani, kwenye nyumba kuukuu zilizofanana na zile za wakati ule. Siku ya tukio la msichana kuwaonyesha askari nyumba, Orlane alikuwa amevaa gauni lililofifia, taa zimeshawashwa, akashindwa kutamka. Zayd alikuja akachuchumaa mbele yake.

"Kama hutaki, naliondoa," alisema kwa sauti ya chini. "Kweli. Niambie tu."

Orlane alimtazama, akajua hasemi kwa kumridhisha. Angeliondoa. Akajua pia kwamba yeye mwenyewe hatapata tukio jingine zuri kama hilo maisha yake yote.

"Tuendelee," alisema.

Alilia mbele ya kamera mpaka mshika maikrofoni naye akafuta macho.

Filamu ilionyeshwa alasiri moja katika ukumbi wa Kamenge. Zayd alikuwa amemwalika Léoncie akae mstari wa mbele. Orlane alikwenda kwake mapema kumzuia. Alimwambia kutakuwa na joto, watu watasongamana, afadhali wamletee filamu nyumbani. Hakumwambia sababu. Léoncie alikuwa ameshapiga pasi kitenge chake.

"Nitakuja na Adélaïde," alisema. "Hajawahi kuingia kwa sinema."

Waliketi bega kwa bega. Orlane, kando ya ukumbi, hakuitazama filamu. Aliwatazama wao. Walipomwona msichana na askari wake kisimani, Adélaïde alimgusa mwenzake kiwiko kwa utani. Kisha gizani kwenye filamu kukasikika mtu anakuja, kiatu kimoja kikipiga udongo: pa, pa.

Mkono wa Adélaïde ulibaki hewani.

Alitazama mpaka mwisho wa tukio: msichana akinyoosha kidole, askari wakienda. Halafu akamgeukia Léoncie.

"Ni we?"

"Ni mi," Léoncie alisema.

Adélaïde alitoka peke yake, akiomba radhi kwa kila aliyempisha. Filamu ilipokwisha watu walipiga makofi kwa muda mrefu. Orlane aliitwa mbele, akapewa maua.

Juma halijaisha, Adélaïde alikuwa amehamia kwa mwanawe huko Carama. Orlane alikwenda kwa Léoncie, akamkuta ameketi uani, kamba ya nguo iko tupu.

"Mama, nisamehe."

"Mi nilimutoa mutu nipate kaka yangu," Léoncie alisema. "We ulinitoa upate nini?"

Orlane akajibu, "Nilimpenda Zayd."

"Bado unamupenda?"

"Ndiyo."

Léoncie alitikisa kichwa taratibu. "Mi pia niliendelea. Audace alikuwa ameshakufa, na bado nilikuwa naenda kwa Melchior. Hiyo hata we sikukuambia." Akajifuta uso kwa ncha ya kitenge. "Sasa nipeleke Carama. Peke yangu sitafika."

Walikwenda siku ileile. Nyumba ya mwana wa Adélaïde ilikuwa ya mwisho, baada yake ni mahindi tu. Adélaïde alitoka mlangoni, akawatazama wote wawili, asitoe salamu. Alirudi ndani akavuta kiti kimoja.

"Léoncie, ingia ukae," alisema. Kisha bila kumtazama Orlane, "We bakia pale nje."

Léoncie alipoketi, Adélaïde alirudisha mlango nyuma yao.

Orlane alisimama juani pembeni mwa mahindi. Alisikia sauti ya Léoncie ikisema chinichini kwa muda mrefu, bila kushika maneno. Kisha akamsikia Adélaïde akilia, kilio cha mtu anayelia msiba mpya. Simu ya Orlane ilitetemeka mfukoni; alikuwa Zayd anapiga, naye aliiacha. Hakuna aliyemwita aingie, naye hakuona kama ana haki ya kuondoka.