Maji Yaliyopanda Treni

Usiku wa kuamkia jana niliota mfongo wetu umefungwa kwa matengenezo.

Mfongo, kwa asiyetoka milimani kwetu, ni mfereji waliouchimba mababu ili kuteremsha maji ya mto mpaka kwenye migomba ya kila nyumba. Kila nyumba ina zamu yake, na mwenye zamu hakai kwake kuyangoja maji. Huyafuata kule juu kwenye banio, pale maji ya mto yanapoingilia mferejini, kisha hutembea nayo ukingoni mpaka shambani, kwa sababu maji yasiyosindikizwa hukutana na jirani mwenye jembe, na jirani mwenye jembe ni binadamu kama sisi.

Zamu yetu ilikuwa Jumamosi asubuhi. Mama alikuwa ameteguka mguu, na nyumbani yuko peke yake. Mimi nashona nguo mjini Moshi. Migomba yake ilishaanza kukunja majani kwa kiu, na ndizi zake ndizo tulizozitegemea kwa mbege, pombe ya kipaimara cha mpwa wangu.

"Eshikaeli, migomba isipokunywa Jumamosi hii, wageni tutawapa soda," mama aliniambia kwenye simu.

Kwetu hilo ni tusi. Nikaapa kwamba nitafika, nikalala mapema, kwa nia njema kabisa.

Basi nafika kwenye banio. Ubao unaozuia maji umevaa koti, umekaa kwenye kigoda.

"Mfongo umefungwa," ubao unasema. "Maji ya leo yatasafiri kwa treni."

"Treni haifiki huku."

"Wewe umefikaje?"

"Kwa treni," nikajibu, na nikakumbuka kwamba ni kweli.

Ubao unajisogeza pembeni. Maji ya zamu yetu yanatoka mtoni yakijikung'uta. Ni marefu kuliko mimi, mapana kama mlango wa kanisa.

"Shikamoo dada," yananiambia. Nikaitikia marahaba, ingawa kwa umri yalinizidi mbali.

"Yafikishe yote," ubao unasema. "Hatupeleki maji nusu."

Tukaondoka kwa miguu, tukifuata ukingo wa mfongo mkavu kuelekea stesheni. Ilikuwa asubuhi nzuri ya kutembea. Kahawa ilikuwa imechanua, masale yamesimama kwenye mipaka ya mashamba, na mlima Kilimanjaro ulikuwa kushoto kwetu, halafu kulia, kadiri ulivyojisikia. Nikafurahi. Nikasema moyoni kwamba kazi hii watu wanaikuza bure.

Tukafika mbele ya nyumba ya jirani yetu, Mama Anaeli. Alikuwa amesimama getini na jembe lake.

Sasa, kwetu hupiti mbele ya nyumba ya mtu kama mwizi. Unasimama, unatoa mkono, unauliza watoto, ng'ombe, na mguu wa yule aliyeteguka. Maji nayo yamelelewa milimani. Yakasimama, yakatoa mkono. Mama Anaeli akaushika, akautikisa, akauliza habari za mtoni, na hakuuachia mpaka habari zilipokwisha.

Tulipoondoka, mkono wake ulikuwa unatiririka, na maji yalikuwa yamebaki kimo changu.

Hatujakaa sawa, maharage ya Mama Anaeli yanatoa mikono kwenye uzio. Maji yanayasalimia, mche kwa mche. Ng'ombe wake anatoa kwato. Maji yanaishika kwa mikono miwili, kwa heshima.

"Acha kusalimiana na kila kitu," nikayaambia.

"Heshima si utumwa, dada."

"Si utumwa, lakini wewe unaisha."

Yakajitazama toka juu mpaka chini. "Ni kweli," yakasema, kisha yakampa mkono kipepeo.

Tukazunguka kichaka cha kahawa, na stesheni inatukuta njiani. Ilisema imechoka kusubiri. Treni imesimama ndani yake, safi, ina nafasi tele. Kondakta ni mbuzi mwenye kofia.

"Hayo ni abiria au mzigo?" mbuzi anauliza.

"Ni abiria."

"Basi yakae dirishani. Abiria haruhusiwi kumwagika."

Nikayakalisha dirishani, nikakaa upande wa nje nikiwa nimeyaziba kwa mwili wangu. Nilidhani nimeyaweza. Kumbe behewa lote lilikuwa la kwaya ya usharika, wanakwenda kuimba, na hakuna watu duniani wanaopenda kushikana mikono kama wanakwaya. Sauti ya kwanza wakaanza kupita mmoja mmoja. Wakafuata sauti ya pili. Mbuzi naye akavua kofia akajipanga kwenye foleni.

"Inatosha, jamani!" nikasema.

"Dada, tuko na mabesi bado," akanijibu bwana mmoja mnene, kwa upole.

Mabesi walipomaliza, maji yalikuwa kimo cha mtoto wa kutambaa. Nikaona migomba ya mama imelala chini. Nikamwona mama mwenyewe anagawa soda, na wageni wanaipokea bila kusema neno, jambo ambalo ni baya kuliko kusema. Nikafungua kanga yangu, nikayabeba maji mgongoni, nikaruka toka kwenye treni kabla haijasimama vizuri. Sikumwambia mtu kwaheri.

Nilikuwa nimeanza kupanda kilima cha kwetu niliposikia kilio mgongoni. Maji yalikuwa yanalia, na kila chozi lilikuwa hasara.

"Nini tena?"

"Hatukuaga," maji yakasema. "Wametupokea vizuri vile, nasi tumeondoka kama tumeiba kuku."

Nikataka kuyakaripia. Halafu nikasimama palepale. Kwetu uliyempa mkono wakati wa kufika, unampa tena wakati wa kuondoka. Mkono hutoka mara mbili. Nilikuwa nimekimbia katikati ya salamu.

Nikageuka nikapaza sauti: "Jamani! Mgeni wetu anaaga!"

Treni ikafunga breki, ikarudi kinyumenyume huku ikiomba radhi. Kwaya wakashuka, safari hii mabesi mbele. Ng'ombe akaja mbio. Maharage yakang'oka, yakaja yameshika mizizi yao kama wanawake wanaoshika sketi kwenye matope. Kipepeo naye alikuja, maana alilelewa vizuri. Wote wakatoa mikono, na kila mkono ukarudisha ulichochukua. Yule bwana mnene alirudisha na jasho lake juu.

Maji yakashuka mgongoni mwangu, yakasimama yenyewe.

Mama Anaeli peke yake alikuwa ameficha mkono nyuma.

"Na mimi nina maharage yangu, Eshikaeli," akasema. "Jua hili si la mama yako tu."

Hapo nilimhurumia, maana hakusema uongo. Lakini nilimhurumia mama yangu zaidi.

"Mama Anaeli," nikasema, tena kwa sauti ya kusikika, "utamwacha mgeni aondoke hujampa mkono? Kwaya nzima inatazama."

Akaitazama kwaya. Kwaya ikamtazama. Akatoa mkono.

"Zamu yako ni Jumatatu," nikamwambia. "Nitakuja kukusaidia kusindikiza."

"Uje na kanga kubwa," akasema.

Maji yalikuwa sasa marefu kuliko tulipoondoka. Tukapanda kilima, geti la mama likatukoholea, likafunguka. Mama akatoka akirukaruka kwa mguu mmoja na fimbo yake. "Karibuni! Karibuni ndani!"

Nikaamka.

Jua lilikuwa limejaa kwenye pazia la chumba changu mjini. Simu ilikuwa imelia asubuhi kuniamsha, nami niliizima usingizini. Zamu yetu ilikuwa imekwisha, na mimi sikuwa nimetia mguu nje ya shuka. Nilikaa kitandani nikalia, mtu mzima mwenye cherehani yake. Nilimwonea mama huruma.

Simu ikaita. Alikuwa yeye. Niliipokea nikiwa nimefumba macho.

"Eshi, aika. Asante sana, mwanangu," akasema. "Migomba imekunywa mpaka imesimama. Mbege tunayo."

"Mama, mimi..."

"Najua, umebanwa na kazi zako. Na huyo mwenzako uliyemtuma, nimempenda. Kanipa mkono wakati wa kufika, kanipa na wakati wa kuaga, siku hizi ni wachache wanaofanya hivyo. Ila mwambie akija tena asikalie kiti cha marehemu baba yako. Nimekianika tangu asubuhi na hakikauki."

Nikamjibu kwamba nitayaambia.