Kengele ya Kenge

Mjomba wake alikuwa na methali moja tu, na aliitoa kutwa mara tatu kama dawa: kenge hasikii mpaka atoke damu masikioni. Chakula kikiungua, kenge hasikii. Mlango ukiachwa wazi, kenge hasikii. Lakini zaidi aliitoa asubuhi, pale mpwa wake alipoingia kiwanda cha mbao akisukuma baiskeli, jasho linamtiririka, na misumeno imeshaanza kulia bila yeye.

"Umesimama tena njiani."

"Kidogo tu, mjomba."

"Barabara ya malori, wewe unasimama kuangalia wadudu. Siku lori litakapokulaza, wadudu ndio watakaokuangalia."

Mjomba ndiye aliyekuwa msimamizi wa kiwanda, na ndiye aliyemtafutia kazi. Wafanyakazi walimwita msichana huyo Tupa, kwa kuwa kutwa nzima alikaa na tupa mkononi akinoa meno ya misumeno, jino baada ya jino. "Tupa!" humwita. Akiitika, wanamjibu, "Tupa huko!" Yeye hucheka kila mara, kana kwamba utani ule umezaliwa leo.

Wengine waliopita barabara ile waliona vumbi. Tupa aliona vita. Kwenye seng'enge ya shule, ndege mmoja mweusi kwa mweupe alitundika panzi kwenye miiba wangali hai, miguu ikichezacheza. Mtaroni korongo alimkamata chura, akampigiza kwenye jiwe mara tatu, akammeza anapiga mateke. Karibu na kituo cha mafuta nguchiro walivuka kwa mstari, na asubuhi moja lori lilimbandika mmoja kwenye lami. Mwenzake alirudi. Alimng'ata shingo akawa anamvuta, anamvuta, mpaka lori la pili likaja. Siku hiyo Tupa alifika kazini macho mekundu, na mjomba akadhani ni vumbi.

Hakuacha kutazama. Aliamini, ingawa hakuwahi kumwambia mtu, kwamba binadamu akimtazama kiumbe vizuri, hata mara moja tu, mkono wake unakuwa mzito kumwumiza.

Na aliyemtazama kuliko wote alikuwa kenge.

Huyo aliishi kwenye kalavati, lile bomba la zege linalopitisha maji chini ya barabara. Kila asubuhi alipanda ukingoni kuota jua, mrefu kuliko baiskeli, mgongo umejaa madoa ya manjano. Siku ya kwanza Tupa nusura amkanyage. Alipiga kengele, kling, na mnyama akaporomoka bombani, sekunde chache kabla lori halijapita. Tangu hapo ikawa desturi yao. Hatua thelathini kabla ya kufika, Tupa anapiga kengele mara moja. Kenge anainua kichwa, anatoa ulimi wenye ncha mbili, kisha anaingia bombani bila haraka, kama mzee anayerudi ndani kuvaa viatu.

Kosa lake lilikuwa kusimulia.

Ilikuwa wakati wa chai. Mlinzi wa kiwanda, ambaye wote walimwita Afande, alikuwa analalamika kwamba kuna kitu kinamlia mayai ya kuku wake nyuma ya ghala. Mjomba akatoa methali yake, sijui iliingiaje hapo, na Tupa akashindwa kunyamaza.

"Methali yako ya uongo, mjomba. Kenge anasikia! Mimi nikipiga kengele anaingia bombani kwake, kila siku."

Wapakiaji wawili wakaangua kicheko. "Si ndugu hao? Kenge na kengele, tofauti yao ni 'le' tu!"

"Msimamizi, umekosolewa na mtoto!"

Mjomba alicheka pia, lakini cheko lake liliishia kwenye meno. Afande hakucheka kabisa. Aliweka kikombe chini.

"Anaingia bombani," alisema taratibu. "Upande gani?"

"Huu wa kwetu," Tupa akajibu kwa furaha, kwani ni mara ya kwanza mtu kumwuliza.

Kesho yake alitoka nyumbani mapema. Mjomba alikuwa ameshaondoka, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. Umande ulikuwa bado kwenye nyasi. Kenge alikuwa mahali pake, ametandaza miguu kwenye zege. Tupa akapiga kengele.

Kenge akainua kichwa, akaingia bombani.

Kisha bomba likapiga kelele.

Nyasi zilipasuka pande zote mbili. Afande aliruka kutoka mtaroni akivuta waya uliofungwa kitanzi, na mwisho wa waya alikuwa kenge, shingo imebanwa, anajipinda, anazunguka hewani kama kamba iliyoshika moto. Nyuma ya Afande wapakiaji wawili, kila mmoja na gongo. Na nyuma yao mjomba.

"Vizuri sana, Tupa!" Afande alipaza sauti. "Umemtia mikononi mwetu!"

Gongo la kwanza lilitua mgongoni kwa kishindo cha gunia lililoanguka. Mkia ukajibu. Ulimchapa mpakiaji mmoja usoni, ngozi ya shavu ikafunguka, akaanguka chali akitukana. Gongo la pili lilivunja mguu wa mbele. Kenge alimng'ata Afande juu ya kiatu, akatikisa kichwa kama mbwa, na Afande akawa anapiga popote, anapiga tope, anapiga maji, anapiga jicho. Jicho likatoka. Damu ilikuwa nyekundu, kama ya mtu yeyote.

"Mwacheni! Mjomba, waambie wamwache!"

"Kaa huko!" Mjomba alikuwa ameinua gongo lake kwa mikono miwili. "Nammaliza huyu mjusi wako, uache kusimama barabarani!"

Tupa aliitupa baiskeli. Kwenye mkoba wake wa kazi mlikuwa na koleo. Aliruka mtaroni akaangukia magoti kwenye tope lile la damu, juu ya mnyama aliyekuwa akitapatapa, kucha zikimchana mapaja, akauingiza waya kwenye koleo, akabana kwa nguvu zote za mikono iliyonoa vyuma miaka miwili.

Waya ulikatika. Wakati huohuo gongo la mjomba likashuka.

Alisikia mlio mkubwa, kama msumeno uliogonga msumari. Halafu upande wa kushoto dunia ikazimika.

Alipofungua macho, mjomba alikuwa amepiga magoti mbele yake, midomo inacheza. Tupa aligusa shingo yake. Damu ilikuwa inatoka sikioni, nyembamba, ya moto, inaingia kwenye kola. Mjomba aliiona. Aliitazama kwa muda mrefu, na gongo likamtoka mkononi lenyewe.

"Afande," alisema bila kugeuka, "ukimfuata huyo mnyama, nitakuua."

Kenge alikuwa anajiburuta kuelekea kwenye matete, akiacha mstari mwekundu.

Sikio halikupona. Daktari alipulizia dawa, akamulika, akatikisa kichwa. Nyumbani mjomba hakuweza kuomba radhi, maana alikuwa hajui maneno yanaanzia wapi. Siku moja chakula kiliungua akaanza, "Kenge ha—" kisha akaimeza methali kama mwiba wa samaki.

Badala yake alitoa baiskeli yake ya zamani stoo. Kila asubuhi aliendesha upande wa kushoto wa mpwa wake, upande wa giza, akihema. Kwenye kalavati wote wawili walishuka wakasukuma. Tupa alikuwa ameing'oa kengele. Kwa wiki nane walipita hapo, zege likiwa tupu.

Asubuhi moja mjomba alimshika mkono.

"Kushoto kwako. Kwenye matete. Kuna kitu kinaburuta mkia."

"Sisikii kitu."

"Mimi nasikia."

Kichwa kikatokea. Jicho moja, shingo yenye alama ya waya kama mkufu. Kenge alilitazama bomba, akaligeuzia kisogo. Hakuingia tena humo. Akapanda barabarani, akichechemea na mguu wake uliounga vibaya, akaanza kuvuka lami.

Mjomba alilisikia lori kabla ya Tupa. Alikwenda katikati ya barabara, akailaza baiskeli yake chini na kusimama mbele yake, mikono imening'inia. Honi ilipiga, ikapiga tena, breki zikalia, na lori likasimama karibu kabisa na kifua chake. Dereva alitoa kichwa dirishani.

"We mzee! Kenge nini? Husikii honi?"

Nyuma ya mjomba ncha ya mkia ilikuwa inaingia kwenye nyasi za ng'ambo.

"Sisikii," mjomba akajibu.