Kitufe cha Kupakua

Saa tatu asubuhi Esperansi Nimbona alikuwa amechuchumaa kando ya Mama Kabula, mfugaji nyuki, kibarazani kwa ofisi ya mradi pale Isevya, macho yake yakifuata kidole cha yule mama juu ya simu. Kwa siku nne alikuwa akiipunguza tovuti ya mradi. Alikuza herufi, akatoa picha zilizokuwa zikijisogeza zenyewe, akabakiza mistari mitatu na kitufe kimoja cha kijani. Tovuti ilikuwa ya kuwatangazia wafugaji nyuki programu ya simu ya kutunza kumbukumbu za mizinga. Mnunuzi wa asali kutoka Dar alisema atanunua kwa wale tu watakaokuwa wamejisajili humo kufikia Ijumaa. Ilikuwa Jumatano.

Mama Kabula alisoma polepole, midomo ikicheza.

"Weka programu kwenye simu yako. Bonyeza hapa." Akabonyeza. "Ndiyo hivi tu?"

"Ndiyo hivyo tu, mama."

"Na walivyotutisha kwamba ni mambo ya wasomi!"

Saa tano akaingia Lugembe, mratibu wa mradi. Aliitazama tovuti kwenye kompyuta akiwa amesimama.

"Mbona kama karatasi tupu? Mwenyekiti yuko wapi?"

"Bosi, mtu akifungua anatafuta programu. Nimemwekea mbele."

"Kesho wafadhili wanakuja. Weka mwenyekiti, weka mkurugenzi, weka na mimi. Hotuba zetu zote. Na video ya uzinduzi, icheze yenyewe."

"Watu wa vijijini wananunua bando la siku, na limepanda. Video italimaliza kabla hawajakiona kitufe."

"Espe, mkataba wako unaisha lini?"

"Mwisho wa mwezi."

"Haya basi."

Alifanya. Umeme ulikatika saa saba, akakaa akisubiri, mikono mapajani. Uliporudi aliendelea. Kila picha aliyoweka ilikisukuma kitufe chini zaidi. Alijaribu kukirudisha juu, Lugembe akasema kinamkaa mwenyekiti kifuani. Mpaka saa tisa kitufe kilikuwa chini kabisa, baada ya hotuba ya tatu, na tovuti ilikuwa hewani.

Saa kumi na nusu simu ya ofisi iliita, Esperansi akaipokea.

"Ni Masanja hapa, wa Puge. Naitafuta hiyo programu ya nyuki."

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Sasa huku kuna mtu kavaa tai. Ndiye mwenyewe?"

"Hapana, baba. Huyo ni mwenyekiti. Telemka chini."

"Inazunguka tu. Watu wanapiga makofi, hainiachii." Alikohoa. "Na bando nimeweka la mia tano tu, binti yangu."

"Usiiangalie hiyo video. Telemka tu."

"Haya, imekubali. Naona maneno mengi. Niyasome?"

Sauti ya mzee ilisikika hadi meza ya pili, Lugembe akaacha kuandika.

"Usiyasome," Esperansi alisema.

"Kuna mwingine huku. Mnene, kashika maiki."

Lugembe aliinua kichwa; picha hiyo ilikuwa yake. Esperansi alimwona, wala hakupunguza sauti.

"Huyo mruke, baba. Na anayemfuata, mruke naye. Hao wote hawana kazi na wewe."

"Nawaruka," alisema Masanja, na Esperansi akabaki ameishikilia simu sikioni, akisubiri kusikia kama amekifikia kitufe.