Kikopo cha Joséline

Siku ile nilikasirika mpaka kichwa kikaniuma, na nikikumbuka bado kinauma.

Joséline alijifungua salama wodini kwetu, Mpanda, lakini mtoto akawa anatetemeka. Daktari akahisi mama anatumia dawa za kulevya, akaagiza mkojo wake upimwe. Kipimo cha haraka kikaonyesha dawa za jamii ya afyuni. Basi! Wakamkataza kunyonyesha, na Danford wa ustawi wa jamii akaja kumchukua mtoto.

"Danford, hicho kipimo ni cha kuchuja tu," nilimwambia. "Hata vidonge vya maumivu vinakidanganya. Sampuli ikathibitishwe maabara kubwa kwanza."

"Majibu ni majibu, sista."

Majibu ni majibu! Yaani mbwa akibweka tu, jirani tayari ni mwizi.

Nikamgeukia Joséline. "Mwanangu, kuna dawa yoyote umekunywa?"

Akatikisa kichwa, akainama. Maziwa yamelowesha kitenge, mtoto analia, na yeye kimya! Nilitamani kumkung'uta mabega.

"Tunarudia," nikasema. "Safari hii naingia naye chooni mwenyewe."

Mama mkwe wake, Bibi Prisila, akaziba mlango. "Unamfuata chooni kufanya nini? Mzazi hatoi mkojo wake kwa watu asiowajua, watamroga nao. Kile kikopo cha kwanza nilikijaza mimi."

"Wewe, bibi?"

"Mimi. Nimeshazeeka, waniroge wapate nini?"

"Na kuna dawa unazomeza?"

"Za mgongo tu." Akafungua fundo la kitenge, akatoa vidonge. Kodeini, jamii ile ile ya afyuni.

Sikujua nicheke au nilie. Mkojo wa Joséline mwenyewe ulikuwa safi. Mtoto tulipompima, kumbe ni sukari imeshuka, na waliozidi kuishusha kwa kumnyima ziwa tangu asubuhi ni sisi.

Danford alikusanya karatasi zake, akaondoka bila hata kusema pole. Nilimrudishia Joséline mtoto wake, hasira ikaniponyoka. "Ulijua, ukanyamaza? Walikuwa wanambeba!"

"Sista, mkojo wa mama mkwe," akasema polepole, "ningeutajaje mbele ya mwanaume?"

Akamweka mtoto kifuani, lakini mtoto alikuwa amechoka kulia, hata kufungua mdomo hawezi. Ilibidi tumtekenye nyayo, mimi na Bibi Prisila, mguu mmoja mmoja, mpaka akashika ziwa.