Siku ya Kumi na Tano

Shemeji yangu Jairus alinishtaki kwa sababu ya njia. Alipomwoa dada yangu Nanjala, marehemu baba aliwakatia kipande cha shamba mbele ya boma langu, hapa Lurambi, na njia yangu ya kutolea miwa ikapita ukingoni mwake. Miaka kumi na tisa hakusema kitu. Sasa anataka kuifunga. Akiifunga, trekta haifiki kwangu, na miwa itakauka shambani.

Karatasi ya korti ilikuja tarehe tatu, yote Kiingereza. Mke wangu Beverly akanitafsiria: nifike kortini ndani ya siku kumi na tano. Basi siku ya kumi na tano nikafika. Nilivaa koti la mazishi, nikakaa kwenye benchi la korti kuanzia saa mbili asubuhi. Waliita majina mengi, langu halikuwemo.

Saa tano Jairus akapita, bahasha kwapani.

"Shemeji! Umefika?"

"Nimefika. Si umeniita?"

"Vizuri. Kaa hapo hapo, usiondoke. Watakuita tu."

Akaenda zake, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

Saa tisa na nusu karani mmoja, Jepchirchir, akasimama mbele yangu.

"Mzee, unangojea nani tangu asubuhi?"

"Kesi yangu. Niliambiwa nifike."

Akaisoma karatasi. "Hapa hawataki mwili ufike. Wanataka fomu ifike, ya kusema umepata kesi na utajitetea; utetezi wenyewe una siku zake baadaye. Umeijaza?"

"Nimekaa hapa siku nzima! Kila mtu ameniona!"

"Hakimu hasomi benchi, mzee. Fomu isipoingia leo, mwenzako anaweza kuomba hukumu bila wewe. Kimbia saiba, wakutumie kwa kompyuta."

Ndipo nikaelewa kile kicheko. Mtu amekula ugali kwa mama yangu, halafu ananiambia nikae nishindwe nikiwa nimekaa.

Nilikimbia na koti langu. Fauzia wa saiba alianza kuniuliza habari za nyumbani, nikamwambia aandike kwanza. Saa kumi na dakika arobaini akasema imeingia, akanichapia nakala.

Nilipofika nyumbani nilikuta nguzo saba zimesimama katikati ya njia. Jairus alikuwa na sululu. Nanjala alishika waya na hakunitazama.

"Pole, shemeji. Walikuita?"

"Hawakuniita. Fomu imeingia." Nikamwekea nakala chini ya pua.

Aliisoma mara mbili. "Nani alikuambia?"

"Si wewe."

"Kumbe umekuwa wakili, na darasa la sita lilikushinda!" Akatupa sululu miguuni pangu. "Haya, ng'oa, kama wewe ni mwanaume."

Niliinama. Mkono wangu ulikuwa tayari kwenye mpini niliposikia Nanjala akisema polepole, bila kuinua uso, "Ndugu yangu, anataka uguse, akuitie polisi."

Nikauacha mpini. Nikatoa simu, nikapiga picha nguzo ya kwanza, ya pili, ya tatu.

"Unafanya nini wewe?"

"Nina siku kumi na nne za kuandika utetezi. Sogea kidogo, shemeji, unanizibia nguzo ya nne."