Sauti ya Mashine ya Baba

Kaka yangu alimlea mwanawe ndani ya mashine ya kusaga nafaka, na sisemi hivyo kwa kutia chumvi. Mama wa mtoto alipofariki, mtoto angali anatambaa, kaka alimtandikia magunia nyuma ya mashine akasema hapo ndipo kwao. Shule hakumpeleka. Alikuwa na fidla kuukuu, masalia ya enzi zake za bendi kabla hawajamtimua kwa ubishi, akamwekea mtoto begani hata kabla hajajua kufunga vifungo vya gauni lake. Watu walimwita Chenga, kwa kuwa alikuwa mdogo kama punje iliyovunjika na mweupe kwa unga kutwa nzima. Nilimgombeza kaka mpaka sauti ikanikauka. Sikio la kufa halisikii dawa.

Lakini mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: mtoto alijua kupiga. Wateja waliokuja na ndoo za mahindi walisahau kugombania zamu. Hata mimi, ambaye muziki kwangu ni kelele tu, nilitokwa na machozi mara nyingi nikasingizia vumbi. Mcheza kwao hutunzwa, na Chenga alitunzwa sana, palepale kwao. Kupiga na watu wengine kaka alimkataza. Alisema watamharibia sikio.

Mwaka huu ametimiza miaka kumi na sita, na chuo cha muziki hakipokei aliyezidi hapo. Ukipokewa unalala hukohuko, unakula, unafundishwa hata kusoma. Ukikataliwa, nawe hujakanyaga darasa maishani mwako, unarudi kwenye magunia. Kaka mwenyewe alikuwa ameshaanza kukohoa ule unga wa miaka yote. Sote watatu tulijua kwamba mlango ulikuwa huo mmoja.

Asubuhi ya majaribio ya chuo nilimsuka Chenga, nikampiga brashi kaka mpaka koti likarudia rangi yake, tukaenda. Mwalimu mkuu alikuwa mama wa makamo mwenye miwani inayoning'inia kifuani. Kijana wa piano aligonga kitufe kimoja.

"Haya, weka nyuzi zako sawa na hii," mwalimu akasema.

Chenga akakunja uso. "Hiyo siyo."

"Siyo nini?"

"Siyo yenyewe. Yenyewe iko chini kidogo."

Mwalimu akaichukua fidla, akazigusa nyuzi moja moja. "Nani anakuwekea hizi?"

"Baba."

"Anazipima kwa kitu gani?"

Kaka akajibu kutoka mlangoni, kifua mbele. "Kwa mashine, mwalimu. Ikizunguka tupu, kabla sijamimina mahindi, inatoa sauti moja tu, haiyumbi. Tangu utotoni mwake tunachukua hapo."

Kijana wa piano akacheka kwenye kiganja. Nilitamani kumzaba kofi. Halafu nikamtazama kaka, anavyotabasamu hajaelewa, nikajua kofi ni la nani.

Mwalimu alitueleza taratibu, kama anayetoa habari za msiba. Ulimwengu mzima unafuata sauti ile ya piano. Mashine yetu iko chini yake, na haiangukii hata kwenye kitufe kingine, imekaa katikati, pasipo na kitu. Wakazikaza nyuzi. Chenga akaanza. Vidole vilienda vilipozoea, sikio likavikataa, vikateleza kuitafuta mashine, na fidla ikatoa mlio wa bawaba kavu. Akaacha. Akaanza tena. Akaacha.

"Inaniuma masikioni, shangazi," alisema, na uso wake ulikuwa umesawijika.

"Nimeona una kitu," mwalimu akamwambia. "Lakini hapa hakuna anayepiga peke yake. Jioni tunafunga. Rudi kabla ya hapo, upige na piano, hata kipande kifupi."

Piano ilikuwa na foleni ya watoto wa watu. Mwalimu akamwazima Chenga kichuma cha meno mawili, mfano wa uma. Ukikigonga kinaimba ile sauti ya piano.

Tukarudi mashineni, kaka mbele. Tulipofika aliwatoa wateja nje, akavua koti, akashika spana.

"Mashine ndiyo iliyomfundisha," akasema. "Mashine ndiyo itakayomfundisha upya."

Alifunga puli, lile gurudumu la mkanda, kubwa zaidi kwenye mota ili mashine izunguke kwa kasi, sauti ipande. Akawasha. Mabati yakatetemeka. Chenga alisimama na kichuma sikioni, macho kafumba.

"Bado, baba."

Akazima, akaweka puli nyingine, kubwa kuliko ile. Mkanda ukalia.

"Imekaribia. Bado."

"Kaka, utaiunguza!" nikapiga kelele.

"Dada, niache!"

Alitafuta puli nyingine chini ya meza, akatupa makopo huku na huku. Niliogopa kumwona hivyo. Hasira zangu zote ziliyeyuka nikabaki namwonea huruma, na huruma haikumsaidia kitu. Akawasha mara ya tatu. Mashine ilipiga ukelele ambao sijawahi kuusikia, harufu ya waya zinazoungua ikajaa, moshi ukatoka kwenye mota, kisha kukawa kimya.

"Vipi humo, umeme umekatika?" mteja mmoja aliuliza nje.

Kaka aliweka kiganja juu ya mota. Ilikuwa ya moto, lakini hakukiondoa. Ile ndiyo iliyotulisha wote.

"Imekufa," akasema polepole. "Basi. Haitakusumbua tena, mwanangu. Gonga kichuma chako, upige. Bado hatujachelewa."

Chenga akakigonga, akakisikiliza hadi kilipoishiwa. Akaziweka nyuzi sawa nacho, akapandisha fidla begani, akainua upinde. Tukamsubiri. Upinde ukabaki hewani, na machozi yakamchora mistari kwenye unga wa mashavu.

"Baba," akasema. "Bado inalia."

Kaka akaitazama mota, akainama akaisikiliza kabisa. "Imezima, mama. Imezima."

"Siyo hiyo," Chenga akasema, akajigusa kichwa kwa ncha ya upinde. "Ya humu."